Ngoma Isiyovuma

Nyuma ya soko kuu la Tabora, dukani kwa Mashimba,
saa nne asubuhi. Nimetoka zamu ya usiku Kitete,
macho yamejaa mchanga, na kwenye sidiria laki tano na nusu,
zamu yangu nyingine: ile ya mchezo wa wauguzi.

Nyamizi ananivuta mkono. Ana miaka kumi na mitatu
na vijiti viwili vya mpera alivyochonga mwenyewe.
Tangu Pasaka kapiga beseni, kapiga ndoo ya unga,
kapiga kifuniko cha sufuria mpaka kikapinda,
kapiga paja lake kanisani wakati wa mahubiri,
hadi mpangaji mwenzetu, Bwana Ntambi,
akanigongea mlango: "Dada muuguzi,
huyu mtoto anafukuza nini?"

Ndiyo maana tunatafuta ngoma ya umeme,
imlilie mwenyewe masikioni,
sisi wengine tulale.

Ya kwanza ni mkeka wa mpira, laki moja na tisini,
unakunjwa kama chapati, unaingia mkobani.
Nyamizi akaupiga taratibu. Akaupiga kwa hasira.
"Mama, hausikii. Ukiubembeleza, ukiuzaba kofi,
jibu ni lile lile."
Nimewahi kuishi na mtu wa hivyo. Nikaurudisha.

Ya pili inang'aa, milioni moja na laki nane.
Tukaitazama kama behewa la daraja la kwanza:
ikapita.

Ya tatu ilikuwa pembeni, chini ya feni mbovu.
Imetumika; mwenyewe kahamia Mpanda, kaiacha.
Nyuso zake ni za wavu, si za mpira,
na toazi moja lina ufa kama kisigino changu.
Mashimba anasifu: ina sauti mia mbili,
za kengele, za makofi, hata ya mbwa.
Mbwa tunao.
Nikainama, nikagonga kila uso kwa kidole cha kati
jinsi ninavyogonga kifua chenye maji,
katikati, kisha ukingoni,
nikitafuta palipokufa.
Nikakanyaga kanyagio: linarudi, au linasita?
Nikaulizia waya. Nikaulizia adapta. Nikaulizia kiti.
"Kiti hakimo, sista."
"Basi na bei nayo ikae chini."

Laki sita na nusu ikakaa kwenye laki tano na ishirini.
Hedifoni ishirini na tano. Elfu tano ya bajaji.
Nikabaki na kitambaa kilichofunga hela.

Siku hizi nalala mchana. Ukuta umenyamaza.
Ila sakafuni, kupitia miguu ya kitanda,
ndi... ndi-ndi... ndi,
mguu wa mwanangu juu ya kanyagio
unatafuta njia, unapotea, unaanza upya,
naye kakalia kreti ya soda, mdomo wazi.
Wahenga walituonya: ngoma ivumayo haikawii kupasuka.
Kuhusu isiyovuma hawakuacha neno.

Jumamosi umeme ulikatika. Nikasikia friji ikifa.
Nikangoja avue hedifoni, aje kulalamika.
Ndi. Ndi-ndi.
Hakuja.

Jioni Bwana Ntambi akagonga, safari hii kwa kidole kimoja.
"Dada, mtoto mzima? Mbona simsikii?"
Nikamwambia avue ndala,
asimame hapo hapo kizingitini.