Safu ya Sita

Mimi ndiye mweka hazina wa chama cha kuzikana,
hapa Hull, mwaka wa kumi na moja huu.
Pauni tano kila mwezi, kila kaya.
Najua bei ya jeneza lenye zinki ndani,
najua shirika la ndege linavyotoza kilo za maiti,
namjua aliyelipa na aliyeahidi.
Daftari langu lina safu tano:
jina, tarehe, kiasi, deni, marehemu.

Daktari aliposema, "Ni saratani ya tezi dume,"
sikuuliza kama nitaishi.
Kichwani nilifungua ukurasa wangu
nikaona sidaiwi.
Nikatabasamu. Akadhani sijaelewa,
akarudia polepole.

Muuguzi Gillian akanipa bahasha nene:
vijitabu, namba za simu, karatasi ya njano
inayouliza, Je, una wasiwasi wa fedha? Wa imani? Wa unyumba?
Weka alama kwenye kisanduku.
Nimejaza fomu za nchi hii miaka ishirini na mitatu,
hakuna iliyowahi kuniuliza kama naogopa.
Nikaificha ndani ya pipa la unga wa ugali,
mahali ambapo mke wangu hutia mkono kila siku.
Labda nilitaka aione. Sijui.

Aliiona Jumanne.
Hakulia. Aliipangusa unga, akavaa miwani,
akasoma yote, mpaka jina la mpiga chapa,
kisha: "Mweka hazina, watu wa chama chenu
hufa tu? Hawaugui?"

Swali hilo nililibeba kama maji,
maana matibabu yenyewe ni maji:
vikombe vitatu, nusu saa, kibofu kijae,
ndipo ulale chini ya mtambo, usitikisike.
Mara ishirini. Mabasi mawili kwenda, mawili kurudi,
upepo wa Humber ukinitafuta nyonga.

Siku ya nne mtambo ulichelewa.
Tulikaa wanaume sita, tumejaa,
magoti yamebanana kama watoto wa chekechea.
Trevor, aliyeunda karavani maisha yake yote,
akaninong'oneza: "Usilitazame hilo tangi la samaki."
Nikacheka. Nikajuta kucheka.
Tangu hapo akawa ananipitia kwa gari lake.
Hela ya mafuta hakutaka, alitaka achari ya ndimu.
Ndiye aliyenionyesha mlango ulio nyuma ya kantini,
ambako mama mwenye shanga za mbao
alinijazia fomu ya posho, akisema,
"Hii si sadaka. Umeshailipia."
Neno hilo nalielewa. Ni neno la daftari.

Sindano zilinipandishia joto usiku,
joto lile lile alilonisimulia Mwanaidi miaka kumi nyuma
nami nikamwambia afungue dirisha.
Sasa hulifungua yeye. Hasemi kitu.
Huo nao ni msaada, na una makali yake.

Mkutano wa Novemba, nilisoma hesabu:
iliyoingia, iliyotoka, iliyobaki.
Kisha, kwa sauti ninayotajia majina ya wengine,
"Mgonjwa ni mimi. Tezi dume. Nimefika mara ya kumi na nne."
Husemwa mficha maradhi kilio humuumbua;
mimi nimetunza fedha za kilio,
najua kilio kina akiba nzuri.
Kimya. Kiti fulani kikalia.
Halafu Shabani Mkomwa, anayedaiwa miezi tisa,
akavua kofia: "Yangu ya utumbo. Tangu mwaka juzi."
Na Bi Tatu akasema titi, wazi,
kama anayetaja mtaa anaokaa.

Tulikaa mpaka mwenye ukumbi akaanza kuzima taa.
Nyumbani nilichukua rula.
Nafasi haikuwepo,
nikapiga mstari pembezoni, mwembamba, umepinda kidogo:
jina, tarehe, kiasi, deni, marehemu,
na hii ya sita, sijaipa jina.
Chini yake: Shabani, teksi, Alhamisi, pauni kumi na mbili.
Deni lake la miezi tisa
nimeliacha palepale. Hesabu ni hesabu.