Baiti Themanini

Saa nane usiku, Ekibastuz. Nje baridi inapasua vyuma,
nami ndani ya kontena nimevaa fulana tu,
maana mashine mia mbili na arobaini
zinapumua joto kama ng'ombe zizini.
Kazi yangu ni kuzisikiliza.
Feni ikikohoa, naamka. Ikinyamaza, nakimbia.
Tajiri yuko Almaty, anahesabu sarafu asizowahi kuzigusa.
Mimi nahesabu feni.

Kwetu mtoto hupimwa kwa majina saba:
baba, babu, baba wa babu, kupanda hivyo hivyo
hadi wa saba. Asiyeyajua, shangazi Kulyash humwita yatima
hata wazazi wake wakiwa mezani wanakula.
Mimi alinifunza yeye, kila jina kwa tonge la mkate.

Daftari la ukoo lilikuwepo. Mwaka wa njaa
Tuleubai alilichana, akawashia moto,
wakachemsha ngozi ya tandiko, wakanywa mchuzi wake.
Mali bila daftari huisha bila habari, husemwa;
kwetu mali ndiyo iliyotangulia kuisha,
daftari likafuata.

Nikafikiri: hili ninalolilinda halina jiko la kuliunguza.
Kila ukurasa umekunja ndani yake kivuli cha uliotangulia;
gusa mmoja, yote inayofuata itakushitaki.
Nakala ziko Reykjavik, ziko Asunción,
ziko chini ya kitanda cha mtu nisiyemjua.
Na pembeni mwa kila malipo kuna kijinafasi,
baiti themanini, andika utakalo.

Themanini!
Kwa herufi zetu za Kisirili, kila moja hula mbili,
mababu hawaenei.
Nikawavua herufi zao, nikawavika za Kilatini,
nikawabana bega kwa bega kama ndugu kwenye picha ya harusi:

Orazbek Kasen Tuleubai Baimurat
Malkedli Shontybai Kudaibergen

Sitini na mbili. Nikalipa bei ya gunia la unga,
nikabonyeza.
Dakika kumi. Ukurasa ukafungwa.
Ndipo nikasoma.

Malkedli.

Aliitwa Malkeldi, "mifugo imekuja",
jina la alfajiri ile farasi kumi na mmoja walipozaa.
Nami nimemwandika kwa sauti isiyo na maana,
milele, Reykjavik na Asunción.
Nikatafuta pa kurudi nyuma. Hapakuwepo.
Maji yakimwagika hayazoleki,
na haya yalikwisha kumwagika mabara yote.

Asubuhi nikamwambia shangazi. Alikuwa anakaanga baursaki,
akacheka hadi mafuta yakamrukia.
"Umempa babu lakabu! Miaka yote hiyo kaburini
hakuna aliyemtania."
Kisha akaninyooshea mwiko.
"Na hilo daftari lako, umeme ukikatika?"
Haliwezi kuzimika lote, nikasema. Mahali fulani
daima kuna mtu anayeliwasha.
"Aliwashe kwa nini?"
Kwa faida.
"Na faida ikiisha?"

Sikujibu. Dirishani, mabomba ya mtambo
yalikuwa yanamwaga moshi wa makaa juu ya theluji,
na sehemu ya moshi ule, ndogo sana,
ilikuwa majina yetu.

Nimelipa mara ya pili. Kufuta hakuna;
unaongeza tu ukurasa mwingine mbele.
Nimeandika: ni Malkeldi, mnisamehe.
Atakayechimba siku moja atakuta kosa kwanza,
halafu, mbali kidogo, aibu yangu,
vyote viwili vimetunzwa sawasawa.

Ayaulym ana miaka sita. Anavaa buti mlangoni,
anataja: Yerkanat, Orazbek, Kasen,
Tuleubai, Baimurat, Malkedli —
anacheka, anafinywa sikio — Malkeldi, Shontybai. Saba.
Kwake saba huanzia kwangu.
"Na yule wa mwisho wako, baba, ameenda wapi?"
Yuko Reykjavik, namwambia.
Anasimama, mguu mmoja bado nje ya buti,
anafikiri, kisha anamtaja na yeye,
Kudaibergen,
wa nane, bila malipo.