Nne na Moja

Shianda, Ijumaa ya malipo ya miwa.
Kufuli nimeifungua mapema, nimepiga deki,
lakini friji haiguswi hadi saa kumi na moja kamili.
Leseni inaning'inia juu ya rafu, ndani ya fremu
iliyowahi kubeba picha ya harusi ya tajiri wangu.
Chini yake kadibodi, kwa mwandiko wangu mwenyewe:
HATUUZI WATOTO.
Wateja huisoma, hucheka.
Sijajua wanachochekea.

Wa kwanza kuingia amevaa koti la kaka yake,
mikono imemmeza hadi kwenye kucha.
Naomba kitambulisho. Anasema kimelowa.
Basi kaanike, namwambia, urudi kikikauka.
Kwa kumtazama kidevu
kitakauka baada ya miaka miwili.

Kisha Mwalimu Shiundu.
Huketi palepale, chini ya kalenda ya duka la mbolea,
pikipiki ameiegesha nje, imeelekea nyumbani.
Ndiye aliyenifundisha kuhesabu, darasa la kwanza,
kwa vifuniko vya soda, kiboko kikitusikiliza mezani.
Sasa vifuniko ni vya bia
na anayehesabu ni mimi.

Kimoja. Anauliza hali ya mama.
Viwili. Anamteta mkaguzi wa shule, marehemu siku nyingi.
Vitatu. Miwa yake imekaukia shambani ikingoja trekta.
Vinne. Ananiita Rispa,
na Rispa ni mkewe, tuliyemzika mwezi wa tatu.

"Ongeza."
"Mwalimu, nne na moja ni ngapi?"
"Tano, mjinga wewe!"
"Hapa kaunta, nne na moja ni ufunguo wa pikipiki."
Nikanyosha kiganja
kama alivyokuwa akitunyoshesha sisi.

Noti zinapigwa mezani. Kiti kinaanguka.
Ananikumbusha nani aliyenishika mkono nikaandika *a*.
Meza ya wakata miwa inamuunga: "Mpe mzee, si pesa ni zake?"
Pesa ni zake.
Barabara si yake. Kule daraja la Lusumu
trela hulala katikati ya lami bila taa,
onyo lake ni tawi la mkaratusi, nalo halimuliki.
Tena nisijifanye malaika: kila kreti nina shilingi zangu ishirini,
na bei ya unga naijua kuliko tajiri.
Kuna Ijumaa nilizoongeza.
Kuna moja ambayo bado naisikia breki yake.

Ufunguo unarushwa, unanipita sikio,
unatua kwenye beseni la glasi chafu.
Nauokota. Naupangusa. Nautia mfukoni mwa aproni.
Wechuli wa bodaboda, ambaye kileo hakijui hata kwa harufu,
anamfunga Mwalimu kwa shuka ili asipepesuke,
na nauli natoa mimi.
Saa tano nazima taa, wakinitukana gizani
kwa lugha tatu.

Asubuhi anakuja, viatu vimeng'arishwa.
Haombi radhi. Hashukuru.
Anapokea ufunguo kama mtu anayepokea chaki,
anageuka kwenda, anasimama mbele ya ukuta wangu.
"Nanzala. Kwani wenzenu wapi wanaouza watoto?"

Amestaafu mwaka wa sita huu,
na bado kalamu nyekundu imo mfukoni mwa shati.
Anachora kipembe, juu yake anapachika *WA*.
Mwishoni anabana *I* moja nyembamba.
HATUWAUZII WATOTO.
Mkono unatetemeka, lakini herufi zimesimama wima.

Kisha, kwa mazoea tu, pembeni mwa kadibodi
ananiwekea saba kwa kumi.

Nasubiri pikipiki ivuke kona
ndipo naanza kutafuta
zile tatu nimezipotezea wapi.