Gunia la Baba

Kila Aprili Zenobio Yupari hushuka kutoka milima ya Ancash,
siku mbili kwa basi, nusu siku kwa mashua,
hadi kisiwa kisicho na mti wala kisima,
kukwangua mavi ya ndege.

Tusizunguke: ni mavi.
Yamelala mwambani tabaka juu ya tabaka.
Anayesema mavi ya kale hayanuki
hajafika kisiwani.
Baba hujifunga kitambaa puani
na kupiga sururu tangu saa tisa usiku,
jua lisimkute bado ameinama.

Ndege walikula dagaa.
Dagaa walikula vijimea visivyoonekana kwa jicho,
na vijimea vilikula mwanga, pamoja na kile kilichopanda kutoka kilindini,
maji baridi yakijipindua kama mtu aliyekosa usingizi.
Nani alitangulia? nilimuuliza mwalimu Hortensia.
Alichora duara ubaoni, chaki ikakatika.
Akasema: anzia popote.

Basi naanzia gunia.
Mama huchota kwa kopo la maziwa,
shina moja, konzi moja. Ukizidisha, linaungua.
Huko chini wapo wasio na majina,
wanamenya, wanavunja,
hadi kilichokuwa pezi kinakuwa jani.
Nyingine hutoroka, hurudi hewani bila kuaga.
Na hewa imejaa naitrojeni pomoni, nasi hatuwezi kuigusa,
kama maskini aliyezaliwa mlangoni pa benki.
Mizizi ya tarwi tu, pale ukingoni mwa shamba,
ndiyo yenye ufunguo, umefichwa ndani ya vinundu.

Kaboni niliyoipumua nikipalilia
nimeikuta Jumapili ndani ya supu.

Mwaka bahari ilipopata homa
dagaa walizama mbali, ndege wakajaa ufukweni, wamekufa midomo wazi.
Baba alirudi mapema, gunia limekunjwa kwapani.
Msimu uliofuata viazi vilikuwa kama gololi,
tukavila na maganda, hakuna aliyeuliza kwa nini.

Sasa ana kikohozi cha vumbi jeupe.
Jana alisimama kwenye mtaro, akatema.
Mama akamkemea: aibu, mbele ya watoto!
Akafuta mdomo kwa mkono wa shati.
Acha, Domitila,
na hiki pia ni cha shamba.