Daftari la Mfua Jezi

Jezi haidanganyi ikishalowa.
Kabla redio haijatangaza,
kabla muuza magazeti wa Makoroboi hajakata kamba ya bando lake,
mimi najua nani amekwisha.
Namjua kwa jasho lake ndani ya beseni.

Nilianza na Reli.
Jezi za kijani, nzito kama magunia,
kumi na sita, zote zina vifungo shingoni,
zikija Jumatatu na toroli la stesheni,
mche mzima wa sabuni umekaa juu kama bwana harusi.
Siku hizo treni ya Tabora ikichelewa, mechi ilingoja.
Refa alingoja. Hata mvua, nadhani.
Mhoja Lugwisha, namba tisa,
alipita Igogo akigawa pipi kwa watoto wasio wake
na kwa wachache ambao, kimyakimya, walikuwa wake.

Kisha treni ikawa mara mbili kwa wiki,
kisha mara moja.
Mche ukawa kipande,
kipande kikawa ahadi.
Siku waliyoshuka daraja nilizianua mwenyewe kutoka juu ya jabali,
nikazikunja,
hakuna aliyekuja kuzichukua.

Wakaja Minofu.
Timu ya kiwanda, nyeupe ya kukupofusha,
samaki wa buluu kifuani, mdomo wazi.
Ndege zilipakia sangara kwenda Ulaya
na sisi tukakaanga mapanki, kichwa na mifupa,
lakini Jumamosi Kirumba ilikuwa yetu,
tulishangilia na miba katikati ya meno.
Lugwisha naye alihamia huko, namba tisa ileile,
goti moja limefungwa bandeji.
Damu yake niliitoa kwa chumvi na maji baridi
(damu usiifue kwa maji ya moto, inang'ang'ania).
Kombe walilichukua mara tatu.
Ya nne nilijua tangu Machi kwamba haipo,
maana jezi zilirudi hazina harufu.
Asiyelipwa hakimbii,
na asiyekimbia, nifue nini?
Ziwani sangara walikuwa wamepungua.
Kiwandani wakazima jokofu moja, kisha la pili,
kisha mlinzi akaondoka na kufuli.

Sasa ni Mgodi.
Wamevuka Kamanga na basi lenye kiyoyozi
na vijana walionunuliwa kama viwanja,
kwa mkataba na mashahidi.
Jezi zao za njano sijawahi kuzigusa.
Wana mashine. Nimeichungulia dirishani kule Nyegezi:
inazunguka, inatulia, inafikiri, inazunguka tena.
Haina habari goti la nani limevimba.

Wanasema aliye juu mngoje chini.
Mimi nipo chini tangu usichana, mimi na beseni langu,
na hata siku moja sijangoja.
Wanakuja wenyewe.

Jana kaja mvulana na mfuko wa saruji.
Ndani, jezi tisa za kijani. Mbili hazina mgongo.
"Mama Nyamisi, Jumapili tunacheza na Mgodi. Nyamagana. Ni kombe."
Nikamuuliza, mko wangapi?
"Kocha bado anatafuta."
Kocha ni Lugwisha. Nilimwona, kasimama ng'ambo ya barabara,
anajifanya anasoma bango la simu,
ana aibu ya deni la mwaka ule
kifungua mimba wangu alipoachishwa ziwa.

Nikaziloweka.
Maji yakageuka kijani; miaka yote hii, rangi bado inatoka.
Kama watashinda, sijui.
Jezi kavu haisemi kitu, lazima kwanza ichezewe.
Ila nimefungua daftari,
ukurasa wa Reli, chini ya deni la zamani,
nikaandika: jezi tisa, sabuni yangu.
Kwa penseli.

Na Mgodi nimewatengea ukurasa wao kabisa.
Bado mweupe.
Jina tu, pale juu.
Hilo nimeliandika kwa wino.