Daftari la Maziwa

Baba aliandika lita upande wa kushoto:
asubuhi thelathini na nne, jioni ishirini na tisa,
na jina la ng'ombe aliyegoma.
Pembeni, kwa penseli, kwa herufi ndogo
kama mtu anayeiba nafasi,
aliwaandika mbayuwayu.

Mei 3. Dume, peke yake. Theluji.
Amekaa kwenye boriti, hakuimba.
Mei 5. Ameimba.

Zizi letu la mawe, kusini mwa Estonia,
lilikuwa na kioo kimoja kilichovunjika
tangu kabla sijazaliwa.
Mkaguzi wa maziwa alipokinyooshea kidole
Baba alimjibu: huo ni mlango wa wapangaji.

Alihesabu safari zao za matope.
Tonge moja mdomoni, dogo kuliko njegere,
mate ndiyo saruji,
unyasi mmoja katikati badala ya nondo.
Alifika mia tisa akaacha;
majani ya ng'ombe yalikuwa yanangoja fyekeo.

Mayai matano, meupe, yamenyunyiziwa kutu.
Jike ndiye achaguaye, aliniambia,
huutazama mkia wa dume, urefu wa zile nyuzi mbili,
kama wewe utakavyotazama viatu vya mchumba.

Juni 19. Dume mgeni. Makinda manne sakafuni.
Basi. Hakuongeza neno.
Nikauliza, ni paka?
Si paka, akasema, akachukua koleo.
Ni mwingine anayetaka kuanza upya na mama yao.
Siku hiyo lita hazikuandikwa.

Bibi Leida aliamini wanalala ziwani,
chini kabisa, topeni, wameshikana miguu,
mpaka barafu ipasuke.
Kila Septemba, nyaya za umeme zikibaki tupu,
alilitazama ziwa
kama unavyotazama blanketi la mtoto: linapanda? linashuka?

Kisha ikaja barua.
Ndege wetu mmoja, mwenye pete mguuni,
alikuwa ameokotwa kwenye matete
upande wa pili wa dunia, karibu na Durban.
Baba aliweka bahasha kwenye mizani ya jikoni:
gramu ishirini na mbili.
Ndege mwenyewe, siku alipovishwa pete, kumi na tisa.
Bibi aliisoma mara mbili, akavua miwani.
Kumbe lile ziwa, akasema,
ni kubwa kuliko nilivyodhani.

Ng'ombe tuliwauza Machi, baada ya mazishi ya Baba.
Pasipo ng'ombe hapana inzi,
na pasipo inzi,
nani atashuka kutoka mbali kote huko?
Nikamwomba jirani, Aivar, samadi, toroli mbili.
Alicheka. Akaleta tatu.
Nimeilundika chini ya dirisha lisilo na kioo
na nguo zangu zote zinanuka.

Mei 8. Upande wa kushoto: lita sifuri.
Pembeni, kwa penseli ile ile
iliyobaki fupi kama kidole gumba:
Wawili. Midomo ina matope.