Moshi wa Kununua

Pipa lilikuwa la mafuta ya kula.
Shomvi, fundi wa Gerezani, alilipasua ubavuni,
akalitia bawaba, bomba la moshi na miguu minne,
mmoja mfupi.
"Weka tofali," akasema, "hata watu hutembea hivyo."
Laki na themanini. Nikamwambia sina ubavu huo.
Akacheka: "Sasa hizo mbavu utapikia nini?"
Nikalipa laki na sitini.

Ijumaa usiku nililichoma tupu, kama alivyoniagiza,
litapike rangi na harufu ya kiwanda.
Jumamosi saa moja asubuhi
Ndekirwa wa buchani Tabata alinipimia kilo nne,
mbavu za ng'ombe, ubao mzima,
akauliza mara mbili kama kweli asinikatie vipande.
Nikauvua ule utando wa ndani
unaong'ang'ania mfupa kama bahasha iliyolowa.
Chumvi, pilipili manga, tangawizi, ukwaju kidogo.
Nikaziacha zitafakari.

Mkaa nusu debe. Juu yake vipande vya mpera
uliokatwa na jirani ulipoanza kuinua bati lake.
Kisha kufunika, na kazi ngumu kuliko zote:
kutofanya kitu.

Mimi ni mtu wa jiko la gesi.
Mimi ni mtu wa chipsi za kula nimesimama,
wa kumwambia muuza mishikaki "hiyo hiyo, imeiva."
Saa nne nilifungua kuchungulia.
Saa nne na robo nilifungua kuchungulia.
Tumsifu, akimenya vitunguu kibarazani, akasema:
"Kila ukiinua hicho kifuniko, unarudi Ijumaa."

Na kifuniko chenyewe kilivuja.
Moshi ulipenya pembeni kama siri ya ukoo.
Tumsifu akakanda unga wa ngano, akausokota kamba,
akaziba ufa pande zote kama sufuria ya biriani,
halafu akafutia mikono kwenye shati langu.

Hapo nikamkumbuka mama.
Miaka thelathini, uani Buguruni,
amepiga magoti, anapuliza, macho mekundu,
ncha ya khanga mdomoni,
akiufukuza moshi kwa mfuniko wa sufuria.
Siku nilipomletea mtungi wa gesi
aliutazama ule mwali wa bluu, kimya,
akasema, "Moto huu hauna hasira."
Leo mwanawe ametoa laki na sitini
kuukamata moshi ule ule na kuufungia ndani.
Sijui ningemweleza nini.

Saa sita ikapita, na chakula cha mchana nayo.
Watoto wakala mkate na chai
wakinitazama kama mtu aliyekula ada.
Saa nane upepo ukageuka,
na Mama Siwatu akatokea getini,
mashati mawili ya shule mkononi, meupe ya jana:
"Baba Ombeni, unachoma nyumba au unapunga mashetani?"
Nikaomba radhi. Akayanusa mashati.
Akayanusa tena.
Akauliza, sauti chini, zitaiva saa ngapi.

Kwenye saa kumi na mbili tulibomoa ukuta wa unga.
Upande wa moto mbavu mbili zilikuwa makaa kamili,
Ndekirwa mwenyewe asingezitambua.
Upande wa mguu mfupi zilikuwa bado zinabisha.
Ila katikati,
katikati mfupa ulitoka wenyewe, mweupe, mkavu,
kama mtu anayeondoka kikaoni bila ugomvi.
Tumsifu alitafuna amefumba macho.
Hakusema tamu.
Alisema "Sogea," akachukua nyingine.

Tulikula watu tisa, viti vinne.
Mama Siwatu aliufunga mfupa wake kwenye karatasi,
akasema ni wa supu, akaukwangua njiani.

Jumatatu alfajiri mwanawe alipita akienda shule,
shati limefuliwa mara mbili, limepigwa pasi,
na mbwa watatu wa mtaa nyuma yake,
kwa adabu,
kwa mstari.